Safu ya Saba

Kijiji nilichozaliwa hakipo tena.
Kiliitwa Stary Łuh: nyumba ishirini na sita na kanisa,
mpaka mashine ya baba, mdomo wa ndoo kumi na nane,
ilipofika ukutani kwa kanisa.
Siku hiyo hakuiendesha yeye. Aliomba ruhusa,
akashinda jikoni akimenya viazi visivyo na mlaji.

Makaa yetu ya Lusatia ni ya kahawia, yana maji,
moshi mwingi, joto la kubahatisha.
Lakini yalinisomesha. Taa niliyofanyia hesabu
iliwashwa na zamu yake ya usiku;
kila mlinganyo nilioukokotoa
kuna mtu aliufukua.

Nilikwenda Leipzig nikajifunza kuipa hewa bei.
Tani moja ya kaboni, euro ngapi?
Nani alipe, na kesho ina thamani gani leo?
Walimu wangu waliikata kesho asilimia tano kila mwaka,
hata mjukuu wa mjukuu akabaki senti,
kisha vumbi la desimali.
Mimi niliandika asilimia moja na nukta nne,
nikaitwa mshairi.
Hawakukusudia kunisifu.

Siku ya kutetea tasnifu baba alikuja
na suti yake ya mazishi,
akaketi safu ya nyuma karibu na hita, kofia magotini.
Maprofesa wanne waliuliza mambo ya modeli.
Mwenyekiti, kwa adabu tu, akasema:
kuna swali jingine?
Baba akasimama. Kijerumani chake kilikuwa kizito, cha mgodini.
"Wórša, jedwali lako lina safu sita.
Měrćin wa zamu yangu,
mshahara wake uko safu gani?"

Watu wakacheka, kicheko cha upole,
kile kinachouma.
Nikajibu: umo ndani ya gharama za mpito.
Akasema: "Ahaa." Akaketi.
Nilipewa alama ya juu kabisa,
na ile ahaa nimeibeba miaka thelathini na mmoja.

Bandu bandu huisha gogo.
Makala ya kwanza ilikataliwa. Ya pili,
mhakiki asiye na jina aliandika pembeni:
mwandishi anachanganya uchumi na huruma.
Nikachukua daftari, nikagonga milango ya miji ya migodi.
Fundi umeme wa miaka hamsini na miwili hahami.
Duka la mikate hufunga miezi kumi na minne baada ya lango.
Wa kwanza kuondoka ni wasichana.
Safu ya saba nikaipata, imejaa matundu,
lakini safu.

Kisha Berlin wakaniita kwenye tume.
Kahawa, vichupa vya maji, ramani ukuta mzima.
Niliwapa safu zote saba.
Walichukua sita, na mwaka wa kufunga.
Ya saba ilipelekwa kwenye kiambatisho,
ukurasa wa mia mbili na kumi na moja,
ambako hata panya wa maktaba hafiki.

Nilimpigia baba kabla redio haijamwambia.
Alikwisha kustaafu, pafu moja likifanya kazi ya mawili.
"Huo mwaka umeuandika wewe?"
Ni mimi, baba.
Akakohoa, akakohoa tena,
nikamsikia akisogeza kiti.
"Ungeuandika mapema zaidi.
Kanisa lingekuwapo."

Sasa shimo linajazwa maji, taratibu, kwa mabomba.
Ubao mwekundu unaonya: usikaribie, kingo huporomoka.
Ng'ambo kuna paneli za jua, na kondoo wa mtu
wanakula nyasi kivulini mwake.
Kila Jumatano ya mwisho wa mwezi huja na wanafunzi.
Juzi mmoja, amevaa viatu visivyofaa tope,
aliniuliza kijiji kilikuwa upande gani.

Nikanyosha kidole katikati ya maji.
Kisha nikasita,
nikakisogeza kushoto kidogo.